Maelezo ya Programu Yasibaki Nyuma

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii wazee wetu waliwaambia wafanya biashara, lakini siku hizi yawafaa hata watengenezaji wa programu za kompyuta. Katika ukurasa huu nataka kusema juu ya jambo moja ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni maelezo ya matumizi yanayofuatana na programu: yale yanayomwambia mtu abonyeze wapi, ajaze nini, na afanye nini mambo yakikataa. Maoni yangu ni kwamba maelezo hayo ni sehemu ya programu yenyewe, kama mpini ulivyo sehemu ya jembe. Mtu abadiliye programu asibadili maelezo yake amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki huwaangukia watu wasio na nguvu ya kuibeba.

Labda msomaji atauliza, mambo haya yatuhusu nini sisi wa Ufipa, watu wa mahindi, maharage na ulezi? Yatuhusu sana. Mwanafunzi wa kidato cha nne huchagua masomo yake ya mbele kwa mfumo wa kompyuta wa OR-TAMISEMI. Aliyemaliza kidato cha sita huomba mkopo wa elimu ya juu kwa njia ya mtandao. Mkulima wetu naye hakuachwa, kwa maana kuanzia msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku ililetwa kwa wakulima waliosajiliwa katika mfumo wa kidijitali, na ujumbe wa simu ukawa sehemu ya kilimo kama mvua. Hata mkuu wa shule anunuapo vifaa hupaswa kupita katika mfumo wa ununuzi wa umma uitwao NeST, ambao mwaka 2023 ulichukua nafasi ya ule wa zamani ulioitwa TANePS. Basi programu zimekwisha ingia kijijini, tutake tusitake. Lililobaki ni kujua kama zimeingia pamoja na maelezo yake, au zimekuja peke yake.

Natoe mfano ulio karibu na sisi wanafunzi. Kwa miaka mingi tahasusi za kidato cha tano zilikuwa chache, na kila mtu alizijua kwa herufi zake. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49, zikawa 65 kwa jumla, na wanafunzi waliomaliza kidato cha nne mwaka 2023 walipewa nafasi ya kubadili machaguo yao katika mfumo. Sasa fikirini juu ya mwanafunzi ambaye wakati ule alikuwa na karatasi ya maelezo aliyoachiwa na kaka yake. Karatasi ile haikuwa na uongo. Kila neno lake lilikuwa kweli siku lilipoandikwa. Ila kwa kuwa iliandikwa kabla ya mabadiliko, ilimficha mambo 49 ambayo angeweza kuyachagua, wala haikumwambia ya kuwa imemficha.

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya maelezo ya zamani. Maelezo mabovu humwonya msomaji kwa ubovu wake: yamejaa makosa, hayasomeki, naye huyatupa. Bali maelezo ya zamani yana uso mzuri. Yamepangwa vizuri, yana picha, yana mhuri wa ofisi. Mtu huyaamini, huyafuata hatua kwa hatua, na anapofika hatua ya tano hukiona kitufe alichoambiwa akibonyeze hakipo. Hapo hadhani kwamba maelezo yamepitwa na wakati, bali hudhani kwamba yeye mwenyewe ni mjinga. Watu wangapi wazima, wenye akili timamu za kuendesha shamba na kulea watoto, wamejiona wajinga mbele ya kompyuta kwa sababu tu mtu mmoja mahali fulani hakusahihisha ukurasa!

Tena tutazame ni nani alipaye gharama. Mkazi wa mjini akikwama humwuliza jirani. Lakini mtu wa Mtowisa, kule chini katika bonde la Ziwa Rukwa, au mtu wa Kasanga penye ufuko wa Ziwa Tanganyika, akikwama hana budi kupanda mlima mpaka Sumbawanga. Atalipa nauli ya kuja, atalipa dukani kwa vijana wajazao fomu, na pengine atalala mjini kwa kuwa mtandao umekataa, kisha atalipa nauli ya kurudi. Pesa hizo zingeweza kununua madaftari ya mwaka mzima. Lakini iko hasara iliyo kubwa kuliko nauli. Mtu asiyejua njia humwachia kijana wa dukani simu yake, namba zake, na neno lake la siri, ili amfanyie yote. Tunahubiriwa kila siku kwamba neno la siri si la kumpa mtu. Mahubiri hayo ni mema, lakini hayatafaa kitu ikiwa mwenye neno la siri hana maelezo ya kumwezesha kulitumia mwenyewe.

Watu wengine husema kwamba kitu kizuri hakihitaji kuandikwa. Mafundi wapo, tutawauliza. Kwa jibu lake tuna mfano katika nchi yetu hii hii. Zamani Wafipa walikuwa mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yenye kimo cha mita tatu hivi, yaliyovuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kisha wahunzi wakafua majembe na mashoka. Ilikuwa kazi ya elimu nyingi: udongo upi, makaa ya mti gani, moto wa muda gani. Elimu hiyo ilikaa katika vichwa na mikono ya mafundi, na kijana aliipata kwa kukaa karibu na fundi miaka mingi. Njia hiyo ilifaa maadamu kazi iliendelea. Lakini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 chuma cha kigeni kilienea, kazi ikakoma, na mafundi wakazeeka bila wanafunzi.

Leo baadhi ya malungu hayo yangali yamesimama. Chombo kipo, maelezo yake yamekwenda kaburini. Wataalamu waliotaka kuijua kazi ile, kama vile mwanaakiolojia wa Kitanzania Bertram Mapunda aliyechunguza habari za chuma upande wa kusini mashariki wa Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1990, walilazimika kuokota habari vipande vipande, mpaka katika mavi ya chuma yaliyolala ardhini. Siwalaumu babu zetu hata kidogo, kwa kuwa walifundisha kwa desturi ya wakati wao. Lakini sisi tuna kalamu, tuna karatasi, na tuna kompyuta zenyewe. Programu nayo huzeeka upesi kuliko tanuri, na fundi wake huhamishwa kituo mara nyingi kuliko mhunzi. Akihamishwa yule mwalimu mmoja au karani mmoja ajuaye mfumo, na hakuandika kitu, ofisi nzima hubaki imeutazama mfumo kama tutazamavyo malungu.

Kinyume cha hayo kuna mfano mwema. Simu nyingi mnazoziona mikononi mwa watu hapa Sumbawanga zinatumia Android, ambayo imejengwa juu ya Linux, na Linux ilifuata nyayo za mfumo wa zamani zaidi uitwao Unix, uliotengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani. Watengenezaji wake, Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliandika kitabu cha maelezo ambacho toleo lake la kwanza lina tarehe ya 3 Novemba 1971. Jambo la ajabu ni hili: matoleo ya mfumo wenyewe yalizoewa kuitwa kwa hesabu ya matoleo ya kitabu. Mtu akisema Unix ya Toleo la Sita au la Saba, maana yake ni ule mfumo ulioelezwa katika toleo la sita au la saba la kitabu chake. Tena katika kurasa za kitabu hicho palitengwa mahali pa kuandika kasoro zinazojulikana, ili mtumiaji asijikwae gizani. Kwa watu wale kitabu hakikuwa mkia wa programu uliofungwa baadaye. Kitabu na programu vilihesabiwa pamoja.

Nasi Waswahili tumewahi kuanza vizuri. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu iliyosema Kiswahili. Lilikuwa jambo la fahari, maana lilionyesha kwamba lugha yetu yaweza kubeba kompyuta. Lakini programu mama haikusimama kungoja. Ilitoa toleo baada ya toleo, na mwaka 2010 ikachipuka kutoka kwake programu nyingine iitwayo LibreOffice, ambayo siku hizi hupewa namba za mwaka na mwezi: toleo la mapema mwaka 2024 liliitwa 24.2. Kazi ya mwaka 2004, hata ingekuwa njema namna gani, haiwezi kumwongoza mtu katika toleo la miaka 20 baadaye. Fundisho lake ni kwamba kutafsiri au kuandika maelezo si kama kujenga daraja ukaliacha. Ni kama kupalilia, ambako ukiruka msimu mmoja magugu hukushinda.

Nayajua majibu ya watengenezaji. Wa kwanza husema, programu iliyotengenezwa vizuri hujieleza yenyewe. Neno hilo lina kweli ndani yake, na ni heri programu nyepesi yenye maelezo machache kuliko programu ngumu yenye kitabu kizito. Lakini programu haiwezi kumweleza mtu jambo lililo nje ya skrini: cheti gani akitayarishe kabla ya kuanza, siku ya mwisho ni lini, na akikosea aende kwa nani. Wa pili husema, hatuna muda. Nami nauliza, muda wa kujibu simu za watu elfu wanaouliza swali moja mnautoa wapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wa tatu, naye ni mgeni wa siku hizi, husema akili bandia itajibu yote. Lakini akili bandia hujifunza kwa maandishi ya watu. Ikiwa maandishi ni ya mwaka juzi, itatoa jibu la mwaka juzi kwa lugha tamu ya leo, na hilo ni jambo la hatari zaidi. Kwa hiyo wingi wa mashine za kujibu hauondoi kazi ya kuandika, bali waizidisha.

Basi maelezo yaliyo kamili ni yapi? Wengi hudhani ukamilifu ni unene wa kitabu. Sivyo. Kwa maoni yangu yafaa yawe na mambo matano.

Kwanza, yawe na tarehe na namba ya toleo juu ya ukurasa wa kwanza, ili msomaji ajue mara moja kama yanahusu kitu alicho nacho. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa mwongozo wake kila mwaka, na mwaka wa masomo huandikwa wazi juu ya jalada. Hilo ni jema, nalo lingeigwa. Hata Sera yetu ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilipobadilishwa iliandikwa juu yake kwamba ni Toleo la 2023, asije mtu akachanganya ya kale na mpya.

Pili, yataje yaliyobadilika. Mtu aliyezoea toleo la nyuma hataki kusoma kurasa 60. Ataka kuambiwa kwa mistari kumi kwamba hiki kimeondolewa, kile kimehamishwa, na hiki ni kipya.

Tatu, yaeleze njia ya matatizo na si njia ya raha tu. Maelezo mengi humfuata mtu ambaye hakosei kamwe, mwenye mtandao mzuri na vyeti vyote. Mtu huyo hahitaji msaada. Tuelezwe afanyeje yule ambaye jina la cheti chake cha kuzaliwa halilingani na jina la shuleni, au ambaye umeme ulikatika kabla hajatuma fomu.

Nne, yawe kwa Kiswahili chepesi, na maneno yake yalingane na yale yanayoonekana kwenye skrini. Haifai maelezo yaseme Kiswahili wakati kitufe chenyewe kimeandikwa Kiingereza, bila kumwambia msomaji kwamba kile ndicho hiki.

Tano, yaweze kuchapwa kwa karatasi chache. Katika vijiji vyetu vingi umeme na mtandao havipatikani kila saa, na maelezo yasiyosomeka ila kwa mtandao hayamsaidii mtu ambaye shida yake ni mtandao.

Ningependa jambo hili liwe sharti na si hisani. Tunayo Mamlaka ya Serikali Mtandao, na tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Naona yafaa iwe kanuni kwamba mfumo wowote wa umma usifunguliwe kwa wananchi katika toleo jipya mpaka maelezo yake ya Kiswahili yawe tayari siku ile ile, na yale ya zamani yaondolewe au yagongwe alama ya kwamba yamekwisha muda wake. Twajua vema kwamba mtaala ukibadilika vitabu vya darasani hubadilika pia. Hakuna mwalimu awezaye kukubali kufundisha mtaala mpya kwa kitabu cha zamani akanyamaza. Kwa nini tukubali kwa programu lile tusilolikubali kwa kitabu?

Lakini si vizuri kunyosha kidole Dodoma huku mikono yetu imelala. Shuleni kwetu pia kuna kazi. Nashauri kila chumba cha kompyuta kiwe na daftari moja la maelezo. Kila shughuli ya kawaida iandikwe humo kwa ukurasa mmoja: kuwasha na kuzima, kutunza kazi, kuchapa karatasi, kujaza machaguo ya kidato cha nne. Juu ya kila ukurasa paandikwe tarehe na namba ya toleo. Kisha mwanzoni mwa kila muhula daftari lijaribiwe kwa njia hii: achaguliwe mwanafunzi asiyeijua kabisa shughuli ile, apewe daftari, akae mbele ya kompyuta, na wengine wote wanyamaze. Pale atakapokwama asicheki mtu. Mahali hapo ndipo penye upungufu wa maelezo, na hapo ndipo pa kusahihisha. Jaribio hili halina gharama, nalo laonyesha kweli kuliko sifa za mwandishi mwenyewe.

Wazazi wetu nao wana sehemu yao. Mtoto anapowaletea karatasi ya maelezo, waulize swali moja tu: imeandikwa lini? Na wakipewa maelezo yasiyo na tarehe katika ofisi yo yote, waulize kwa adabu tarehe iko wapi. Kuuliza si ujinga. Swali lile lile likiulizwa na watu wengi, siku moja mwenye ofisi ataona ni nafuu kuliandika jibu.

Wanafunzi wenzangu, miongoni mwetu wamo watakaotengeneza programu kesho. Kompyuta zimekwisha kuwa somo, na Ufipa haina sababu ya kubaki mtumiaji tu wa kazi za wengine. Siku hiyo itakapofika, na kazi ikakubali kwenye skrini, na rafiki wakapiga makofi, kumbukeni kwamba kazi haijakwisha. Iko safari ya mwisho, fupi lakini yenye kuchosha, ya kukaa chini na kumwandikia mtu wa Mtowisa ambaye hamtamwona kamwe, mkamweleza kila hatua kama angekuwa mgeni wenu. Tena mkiibadili programu mwaka ujao, mwandikieni upya. Mtakuwa mmemwokolea nauli, mmemlindia siri yake, na zaidi ya yote mtakuwa mmemheshimu.